Deni la Fundi: Maana na Asili ya Uanagenzi

Kijana mmoja ameniandikia hivi: "Nimekaa miaka miwili katika karakana ya seremala. Nafagia, nabeba mbao, napiga msasa na kupaka vanishi, lakini sijaruhusiwa hata mara moja kupima ubao wala kuukata. Fundi wangu hunitambulisha kwa wateja kuwa mimi ni mwanagenzi wake. Naomba unieleze neno hilo lina maana gani hasa, desturi yenyewe imetoka wapi, na kama mtu aliye katika hali yangu ni mwanagenzi kweli au ni kibarua tu."

Ndugu yangu, nakushukuru kwa swali hili, na zaidi kwa namna ulivyoliuliza, kwa maana umegusa mambo matatu ambayo hayawezi kujibiwa moja bila mengine. Nitaanza na maana, nipitie asili, kisha nirudi karakanani kwako.

Mwanagenzi ni mtu aliyepatana na bingwa wa kazi fulani kwamba atamtumikia kwa muda unaojulikana, na kwamba ndani ya muda huo, kwa kuifanya kazi ile ile, atafundishwa mpaka aweze kuifanya peke yake. Anayejifunza useremala chuoni bila kumtengenezea mtu yeyote kiti cha kuuzwa ni mwanafunzi, na hilo ni jambo jema, lakini si uanagenzi. Anayetengeneza viti kwa ujira bila mtu kuahidi kumfundisha lolote ni mfanyakazi au kibarua, na hilo nalo ni riziki halali. Mwanagenzi yuko kati ya hao wawili: analipa mafunzo yake kwa jasho lake, na fundi analipa jasho hilo kwa ujuzi wake, iwe ameongeza chakula, malazi au fedha juu yake au hakuongeza. Kwa hiyo jambo linalomfanya mwanagenzi awe mwanagenzi halimo katika ugumu wa kazi anayopewa, wala katika udogo wa umri wake, wala katika jina analoitwa mbele ya wateja. Limo katika deni ambalo fundi amelikubali tangu siku ya kwanza, nalo ni deni la kufundisha.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia jambo hili. Neno fundi limo katika ukoo mmoja na kufunda, kufunza na kufundisha, pamoja na mafunzo na mkufunzi. Leo tukisikia neno fundi tunamfikiria mtu mwenye nyundo au bisibisi mkononi, na tunasahau kwamba katika mzizi wake neno hilo linakaa jirani na kufundisha. Nimeona watu wakishangaa wanapoelezwa hivyo, nami nadhani mshangao huo una faida, kwa sababu unaonyesha jinsi tulivyozoea kutenganisha kuijua kazi na kuirithisha. Katika Kilatini, neno lililozaa jina la mwanagenzi katika Kifaransa na Kiingereza lilikuwa na maana ya kushika au kukamata, yaani mwanagenzi ni yule anayeishika kazi. Lugha moja inamtazama anayetoa, nyingine inamtazama anayepokea, na mapatano ni yale yale.

Sasa tuje kwenye asili. Hakuna mtu aliyebuni uanagenzi, kwa sababu hapo mwanzo haukuwa kitu tofauti na malezi. Mtoto wa mhunzi alivukuta mivuo ya baba yake kabla hajaweza kuinua nyundo, na binti wa mfinyanzi alikanda udongo akiwa bado anajifunza kusema. Uanagenzi kama tunavyouelewa ulianza pale kazi ilipotakiwa kuvuka mipaka ya nyumba: fundi hana mtoto wa kumrithi, au mtoto wa mkulima anataka kuwa mfumaji. Hapo ndipo damu ilipoacha kutosha kuwa dhamana, na mapatano yakachukua nafasi yake.

Ushahidi wa kale sana wa jambo hili uko katika sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa katika jiwe karibu miaka 1750 kabla ya Kristo. Katika sehemu inayohusu watoto wa kulea zimo sheria mbili fupi zinazofuatana. Ya kwanza inasema kwamba fundi akimchukua mtoto kumlea na kumfundisha kazi ya mikono yake, mtoto huyo hawezi kudaiwa tena na wazazi wake. Ya pili inasema kwamba kama fundi hakumfundisha kazi yake, mtoto anaweza kurudi katika nyumba ya baba yake. Nakuomba uzitazame sheria hizo kwa makini, kwa sababu karibu kila kitu nitakachokueleza kimo ndani yake. Sheria haikuuliza kama mtoto alilishwa vizuri, wala kama alitumwa maji au kuni. Iliuliza jambo moja: je, alifundishwa? Kama jibu ni ndiyo, kifungo kinashika, na kama jibu ni hapana, kifungo kimekatika na mtoto yuko huru kuondoka. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa sheria ya mfalme katika jamii yenye watumwa, wala haikutungwa na mtetezi wa haki za watoto, na hata hivyo iliona kwamba anayeshika kazi ya mtu bila kumfundisha hana haki ya kumzuia.

Mfano wa pili unatoka Misri wakati ikitawaliwa na Roma. Katika mji wa kale wa Oxyrhynchus, majalala ya zamani yaliyofukiwa na mchanga yalihifadhi maelfu ya karatasi za mafunjo, na miongoni mwake imo mikataba ya uanagenzi. Mmoja wao ni wa mwaka 66 baada ya Kristo. Ndani yake Tryphon, mwana wa Dionysios, anamkabidhi mwanawe Thoonis, ambaye bado hajafikia utu uzima, kwa mfumaji aitwaye Ptolemaios kwa muda wa mwaka mmoja. Kijana atamtumikia mfumaji na kufanya yote atakayoamriwa katika kazi ya ufumaji, na ufumaji huo umetajwa kuwa ni wote, kama Ptolemaios mwenyewe anavyoujua. Baba ndiye atakayemlisha na kumvika mwanawe, lakini mfumaji atatoa drakma 5 kila mwezi kwa ajili ya chakula na drakma 12 mwisho wa muda kwa ajili ya nguo. Siku ambazo kijana hatafika kazini atazilipa kwa kufanya kazi siku hizo hizo baada ya mwaka kwisha, au baba atalipa drakma moja ya fedha kwa kila siku. Baba akimwondoa mwanawe kabla ya muda, faini ni drakma 100. Na mfumaji asipomfundisha kijana, adhabu iyo hiyo inamwangukia yeye.

Mimi hupenda kulisoma sharti hilo la mwisho polepole. Pande zote mbili zimewekwa katika mizani moja: anayetoroka na anayeficha ujuzi wana kosa la uzito mmoja. Na lile neno "wote" halikuwekwa kwa kupamba maandishi. Waandishi wa mkataba ule walijua kwamba fundi anaweza kumfundisha kijana vipande vya kazi vinavyomnufaisha yeye, akauacha ule ufunguo unaomfanya mtu kuwa fundi, na mlango huo wakautia komeo mapema.

Kwa nini basi pande hizo mbili zilihitaji kufungana kwa faini na mashahidi? Sababu iko katika hesabu ya kazi yenyewe, na ukiielewa utamwelewa fundi wako vizuri zaidi, hata kama hutamkubalia. Katika miezi ya mwanzo mwanagenzi ni hasara. Anaharibu mbao, anavunja zana, na kila dakika ambayo fundi anamwelekeza ni dakika ambayo fundi hazalishi. Katika miezi ya mwisho mambo hugeuka: mwanagenzi anafanya kazi ya karibu kiwango cha fundi na bado analipwa kidogo, na faida hiyo ndiyo inayofidia hasara ya mwanzo. Hapo kila upande una kishawishi chake. Mwanagenzi anashawishika kuondoka mara tu anapoijua kazi, kabla ya kurudisha gharama. Fundi anashawishika kuchelewesha mafunzo ili abaki na mikono ya bei rahisi, au ili asijizalie mshindani wa kesho. Historia yote ya uanagenzi, yaani mikataba, viapo, vyama vya mafundi, sheria za wafalme na za mabunge, ni historia ya kujaribu kuvidhibiti vishawishi hivyo viwili.

Katika Ulaya ya Zama za Kati kazi hiyo ya kudhibiti iliangukia vyama vya mafundi. Mjini Paris, karibu mwaka 1268, mkuu wa mji Étienne Boileau aliagiza kanuni za kazi karibu mia moja ziandikwe, na katika nyingi za kanuni hizo imetajwa idadi ya wanagenzi ambao fundi mmoja anaruhusiwa kuwachukua na miaka watakayotumikia. Kikomo hicho cha idadi kilikuwa na nyuso mbili. Kilimlinda mwanagenzi, kwa kuwa fundi mwenye vijana kumi na wawili hawezi kumfundisha hata mmoja wao ipasavyo, na papo hapo kiliwalinda mafundi dhidi ya ushindani. Mkataba uliandikwa mara mbili katika ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wenye meno meno, kila upande ukabaki na kipande chake, na palipotokea ubishi vipande vilikutanishwa kuona kama meno yanaingiana. Jina la Kiingereza la mkataba wa namna hiyo mpaka leo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya jino.

Ngazi zilikuwa tatu. Kwanza mwanagenzi, kisha fundi wa ujira wa siku, ambaye ameijua kazi lakini hana karakana yake, na mwisho fundi mkuu, aliyekubaliwa na wenzake baada ya kuonyesha kazi ya mikono yake. Katika nchi za Kijerumani na Ufaransa yule wa ngazi ya kati alitarajiwa kusafiri mji hadi mji akijifunza kwa mafundi wengine, na desturi hiyo ya safari bado ipo. Ile ya Ufaransa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010. Waturuki nao walikuwa na ngazi tatu, na majina ya mbili za juu yatamgusa msomaji wa Kiswahili: ya kati huitwa kalfa, neno lililotokana na khalifa, yaani naibu au mrithi, na ya juu huitwa usta, ambalo ni ndugu wa neno letu ustadi. Kumwita mtu naibu kabla hajawa mkuu ni kukiri kwamba siku moja atashika nafasi ya mkuu. Ngazi isiyo na ngazi nyingine juu yake ni kiti tu, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba uanagenzi usioonyesha mwisho wake una kasoro tangu mwanzo.

Kuhusu muda, Uingereza iliweka sheria mwaka 1563, wakati wa malkia Elizabeth wa Kwanza, kwamba asiyetumikia uanagenzi wa miaka 7 haruhusiwi kufanya kazi za ufundi zilizokuwepo wakati ule. Masharti hayo ya uanagenzi yalidumu mpaka yalipofutwa mwaka 1814. Je, miaka 7 ilihitajika kweli? Mwanauchumi Adam Smith, mwaka 1776, alisema haikuhitajika kabisa, na kwamba kijana anayelipwa kulingana na kazi yake, huku akigharimia vifaa anavyoharibu, angejifunza haraka na kwa bidii zaidi kuliko yule asiyepata chochote. Naona alikuwa na haki katika nusu ya kwanza ya hoja yake, kwa sababu muda mrefu mara nyingi uliwekwa kwa faida ya fundi na ya chama. Katika nusu ya pili namwona amekosea. Anayegharimia kila ubao anaouharibu hatathubutu kujaribu kitu asichokijua, na asiyejaribu hajifunzi. Ndiyo maana tangu kale gharama ya makosa ya mwanagenzi imekuwa juu ya fundi.

Malipo, kwa njia, hayakuwa mageni katika desturi hii kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1488 baba yake Michelangelo, msanii mashuhuri wa Italia, alimkabidhi mwanawe, mwenye umri wa miaka 13, kwa mchoraji Ghirlandaio wa Firenze kwa miaka 3, na mkataba ukasema kijana atalipwa florini 6 mwaka wa kwanza, 8 mwaka wa pili na 10 mwaka wa tatu. Ujira unapanda kadiri mkono unavyokomaa. Mahali pengine mambo yalikuwa kinyume, mzazi ndiye aliyemlipa fundi ili amkubali mtoto, lakini mantiki ni ile ile ya hesabu niliyokueleza.

Nisikufiche upande wa giza, kwa maana nao ni sehemu ya jibu. Jina la uanagenzi limetumika mara nyingi kufunika mambo ambayo hayakuwa uanagenzi. Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri wa Marekani, alifungwa kwa kaka yake, mpiga chapa wa Boston, mwaka 1718 akiwa na miaka 12, kwa mkataba wa kutumika mpaka afike miaka 21. Aliijua kazi mapema, akapigwa mara nyingi, na mwaka 1723 akatoroka. Huyo angalau alifundishwa. Mwishoni mwa karne ya 18 yatima na watoto wa maskini walipelekwa katika viwanda vya pamba vya Uingereza wakiitwa wanagenzi, ilhali kazi yao ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika, kazi ambayo mtoto huijua haraka na ambayo haimpi ufundi wowote wa kuishi nao ukubwani. Bunge lilipoingilia kati mwaka 1802, jambo lililoonekana kuwa nafuu ni kuweka kikomo cha saa 12 za kazi kwa siku.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa makoloni ya Uingereza katika Karibi. Sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa mwaka 1833, lakini tarehe 1 Agosti 1834 ilipoanza kufanya kazi, watu waliokuwa watumwa, wenye umri wa zaidi ya miaka 6, hawakuachwa waende zao katika sehemu nyingi za makoloni hayo. Waliambiwa kwamba sasa wao ni wanagenzi, na wale wa mashambani wakalazimika kuwafanyia mabwana wao wa zamani kazi bila ujira mpaka saa 45 kwa wiki. Watu waliokuwa wamekata miwa tangu utoto wao walikuwa wanafundishwa nini? Hakukuwa na fundi, hakukuwa na ufundi mpya, na hakukuwa na ngazi ya kupanda. Mpango huo ulikoma tarehe 1 Agosti 1838, miaka miwili kabla ya muda uliowekwa kwa watu wa mashambani, baada ya wenyewe kuupinga na watu wengi wa Uingereza kuupigia kelele. Nautaja hapa kwa sababu unaonyesha kwa uwazi wa kuumiza kitu kinachobaki mafunzo yakiondolewa katika mapatano na jina likaachwa: inabaki kazi ya mtu iliyochukuliwa.

Katika nyakati zetu, nchi kadhaa zimejaribu kulifufua lile neno "wote" la mkataba wa Oxyrhynchus kwa njia ya sheria. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1969, iliimarisha mfumo ambamo mwanagenzi hugawa wakati wake kati ya mahali pa kazi na shule ya ufundi, kwa kawaida kwa miaka 2 hadi 3 na nusu, akilipwa, na mwisho akafanya mtihani mbele ya watu ambao si mwajiri wake peke yake. Na mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha pendekezo linaloueleza uanagenzi kuwa ni mafunzo yenye mkataba, yenye malipo, yaliyopangwa, yanayofanyika kazini na nje ya kazi, na yanayomfikisha mtu kwenye sifa inayotambuliwa. Pendekezo haliifungi nchi yoyote kama sheria, lakini linakupa kipimo cha kujipimia.

Sasa turudi kwako. Wengi wangekujibu haraka kwamba mtu anayefagia na kupiga msasa miaka miwili ananyonywa. Mimi sitasema hivyo kabla ya kukueleza jambo moja. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi wa kushona nguo mjini Monrovia, Liberia, akaona kwamba wanagenzi wao walijifunza kazi kwa mpangilio uliokuwa kinyume na mpangilio wa kutengeneza nguo. Nguo huanza kwa kukatwa, ikashonwa, ikamaliziwa. Mwanagenzi alianza na kumalizia: kupiga pasi, kushona vifungo, kupinda upindo. Kisha akaja kwenye kuunganisha vipande, na kukata kitambaa kukawa mwisho. Mpangilio huo una busara kubwa. Upindo ulioshonwa vibaya unafumuliwa na kushonwa upya, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha. Tena, aliyeshika nguo mia moja zilizokamilika anajua, kabla hajagusa mkasi, kila kipande kinakwenda wapi na kwa nini kimekatwa hivyo.

Mimi mwenyewe, kabla sijaanza kusomesha historia ya kazi, nilijifunza ujalidi wa vitabu. Nilikunja karatasi kwa miezi mingi, kisha nikashona kurasa, na ngozi ya jalada sikuigusa mpaka mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, kwa kuwa ngozi ni ghali na kisu kikiteleza haiponi. Wakati ule niliona nacheleweshwa. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kujifunza jambo ambalo fundi wangu asingeweza kunieleza kwa maneno, yaani karatasi inataka kukunjwa upande upi na inakataa upande upi. Ujuzi mwingi wa mikono uko hivyo: anaoujua hawezi kuusema wote, na anayeutaka hana njia ila kukaa karibu nao.

Vivyo hivyo kupiga msasa, kwa anayefundishwa, si kazi ya bure. Msasa ndio unaokuonyesha nyuzi za ubao zinaelekea wapi, kwa sababu ukiupitisha kinyume na nyuzi, mikwaruzo ambayo jicho halikuiona itajitokeza mara vanishi inapopakwa. Mkono wako unapita juu ya kila kiungo ambacho fundi amekitengeneza, unahisi kipi kimekaa sawa na kipi kimeachia nafasi ya unywele. Kwa hiyo sikuulizi unafanya kazi gani. Nakuuliza kama kazi hiyo imesogea. Je, mwaka huu umepewa jambo ambalo mwaka jana hukupewa? Fundi akiona umekosea, hukuonyesha kosa lilipo, au hukunyang'anya msasa akamaliza mwenyewe bila neno? Ukimwuliza kwa nini kiungo hiki kimetiwa ulimi na kile kimepigwa misumari, hujibu? Unaruhusiwa kusimama kando yake anapopima, au ukisogea unatumwa mbali? Na wale waliokutangulia katika karakana hiyo, yuko hata mmoja aliyetoka hapo akiwa seremala?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine, kwa sababu fundi aliyetoa mafundi amethibitisha nia yake kwa matendo, na unaweza kumvumilia akiwa mkali au mchache wa maneno. Kama hajatoa hata mmoja kwa miaka mingi, na vijana wanaingia na kutoka wakiwa na mikono ile ile waliyokuja nayo, basi miaka yako miwili ina maana nyingine kabisa.

Kwa maelezo uliyonipa, hukumu yangu ni hii. Kuanza na kumalizia ni jambo la kawaida na la busara, lakini miaka miwili ya kumalizia peke yake, bila kupima ubao hata mara moja, imepita kiasi kwa kazi ya useremala, kwa maana vipande vya mbao vilivyotupwa havina gharama, na fundi anayetaka kufundisha angekupa kipande kama hicho na msumeno muda mrefu uliopita. Hatari ya kuharibu mali haiwezi kuwa udhuru mahali ambapo mabaki yanatumika kuwashia moto.

Kwa hiyo zungumza naye, na uzungumze kwa adabu, saa ambayo hakuna mteja wala vijana wengine. Usianze kwa lawama. Mwambie kwamba unaiheshimu kazi yake na unataka kuijua, kisha umwombe mambo mawili yaliyo wazi: mabaki ya mbao na saa moja kila jioni, ujifunze kupima, kukata na kutumia patasi, yeye akikukagua unapomaliza, na pili, mpatane muda uliobaki na mambo utakayokuwa umeyajua kila baada ya miezi kadhaa, hata kama mtayaandika kwa mkono katika daftari la kawaida na kutia sahihi mbele ya mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili. Daftari hilo uendelee kuandika ndani yake kila jambo jipya ulilofundishwa na tarehe yake. Likijaa, litakuwa ushahidi wa ujuzi wako popote utakapokwenda. Likikaa tupu kwa miezi mitatu baada ya mazungumzo, nalo litakuwa limekupa jibu.

Fundi akikubali, kaa, na umtumikie kwa moyo wote, ukikumbuka kwamba hasara ya mbao utakazoharibu mwaka huu ni yake, na kwamba ana haki ya kuifidia kwa kazi yako nzuri ya mwaka ujao. Usiondoke siku ile ile unapojua kutengeneza mlango. Akikataa kabisa kukufundisha, usimgombeze wala usimtukane. Mwambie tu kwamba, kwa kuwa hakuna mafunzo, unaomba kulipwa ujira kamili wa mfanyakazi kuanzia wiki hiyo. Na kama hilo nalo halitaki, unaweza kumuaga kwa heri na kutafuta karakana nyingine bila hofu kwamba umevunja ahadi, kwa sababu ahadi iliyokufunga kwake ilikuwa na pande mbili, na upande wake hakuutimiza.